Cenizo Chini ya Kwapa

Jogoo Cenizo alimwangusha Doña Eduvigis siku ya Jumatatu, mbele ya banda la kuku nyumbani kwake Moca, akiwa na beseni la maganda ya ndizi mkononi. Hata haikuwa vita ya haki, maana alimjia kwa nyuma. Kipi chake, ule mwiba wa mguuni, kilimchana chini ya goti, bibi akakanyaga ganda, akakaa chini kwa kishindo. Aliinuka mwenyewe, akaosha jeraha kwa sabuni ya kufulia, akalimwagia ramu, na nyingine akaimimina kooni. Mambo yangeishia hapo kama mke wa mwenye duka asingeona yote kupitia ua, akampigia simu Yocasta kule mjini Santiago.

Yocasta ni binti wa pekee wa Doña Eduvigis, na tangu baba yake azikwe alikuwa anatafuta sababu ya kumhamisha mama yake. Safari hii sababu ilikuja na mabawa. Alimwambia mama yake kwenye simu hiyohiyo, iliyopitishwa juu ya ua, kwamba leo ni jogoo, kesho itakuwa ngazi, keshokutwa jiko, na kwamba mwanamke wa umri ule aliyeshindwa na kuku hawezi kuachwa peke yake. Chumba nyumbani kwake, ghorofa ya nne, kilishapakwa rangi. Angekuja Jumapili na gari la kuazima.

"Sawa," Doña Eduvigis akamjibu. "Jumapili ukimkuta bado na jeuri, napanda gari lako bila kufungua mdomo."

Neno lake halikuwa la kuchezea. Yeye alijua, na Yocasta alijua, na mke wa mwenye duka, aliyekuwa bado kasimama pale kwenye ua akisikiliza, alijua pia na akaenda kulitangaza.

Wiki nzima kila aliyepita alikuja na dawa yake. Mchinje, umtie kwenye mchuzi na viazi vikuu. Mpige teke moja la maana. Mmwagie maji. Doña Eduvigis aliwajibu wote kwamba banda hilo lilishapoteza majogoo wawili kwa nguchiro, na huyu ndiye wa kwanza aliyemfukuza nguchiro mpaka ng'ambo ya mfereji. Teke pia alilikataa. Ukimpiga jogoo teke umemwambia kwamba wewe nawe ni jogoo, na kesho atakuja kudai mechi ya marudiano.

Yeye alikuwa na njia ya mama yake. Jumanne asubuhi alivaa buti za mpira za marehemu mumewe, akaingia bandani bila fimbo. Cenizo akashusha bawa moja, akaanza kumzunguka kwa ubavu, shingo imetuna. Bibi hakurudi nyuma. Alitembea polepole moja kwa moja kuelekea kwake, akimwingilia njia kila alipogeuka, mpaka jogoo akabanwa kwenye kona, naye akainama akamkumbatia mabawa yote mawili. Akamweka chini ya kwapa, miguu ameishika kwa mkono mmoja, kichwa kinatazama nyuma, na hapo akaendelea na kazi zake. Alichemsha kahawa na jogoo kwapani. Alienda dukani kununua chumvi na jogoo kwapani, na huko dukani watu walicheka mpaka machozi. Cenizo alipigapiga miguu, akalalamika, kisha akalegea kama nguo mbichi. Alipolegea kabisa ndipo akawekwa chini, mbele ya mitetea wake wote, ili waone.

Mchana mzima alikuwa na adabu za mtu anayetoka kanisani. Lakini asubuhi iliyofuata alikuwa ameota pembe upya. Ikawa hivyo Jumatano, ikawa hivyo Alhamisi. Doña Eduvigis hakutilia shaka njia ya mama yake hata kidogo. Kama mchana jogoo anajifunza na asubuhi amesahau, basi kuna mtu katikati anayemfundisha somo lingine.

Mtu huyo alimpata Ijumaa jioni, amekaa kwenye kiti cha bibi mwenyewe, anakunywa kahawa ya bibi mwenyewe. Alikuwa Nicanor, baba wa ubatizo wa Yocasta, jirani wa miaka arobaini, mtu anayeenda uwanja wa kupiganisha majogoo kila Jumamosi kama wengine wanavyoenda misa. Bibi alikuwa jikoni akitafuta sukari, akachungulia dirishani. Nicanor alikuwa amevua kofia, anampepea nayo Cenizo usoni. Jogoo akaruka, akaipiga kofia kwa miguu yote miwili. Nicanor akarudi nyuma hatua, akacheka kwa furaha, akampepea tena.

Doña Eduvigis akasimama pale na kijiko mkononi, akaelewa kila kitu. Si Nicanor peke yake. Mwuza maziwa hufanya hivyohivyo na kofia yake, na fundi wa paa, na padri mwenyewe siku aliyokuja kubariki nyumba. Hakuna mwanaume wa Moca anayeweza kumpita jogoo mwenye damu ya kupigana bila kumchokoza kidogo ili aone moyo wake. Na kila mmoja humalizia kwa kurudi nyuma na kumsifu. Cenizo alikuwa ameshinda vita kila jioni ya maisha yake.

Akatoka nje. "Kompadre," akasema, kama mzazi anavyomwita baba wa ubatizo wa mwanawe, "weka kofia chini."

"Komadre, mtazame lakini! Huyu ana damu huyu. Nipe mimi, nitampeleka—"

"Damu anayo. Na mimi mguu wangu ndio ulioimwaga. Mshike."

"Nimshike vipi?"

"Kwapani. Kama mtoto wa watu. Kahawa utakunywa hivyohivyo, na kesho hivyohivyo, la sivyo kahawa utainywa kwa mke wa mwenye duka, na unajua anavyoipika."

Nicanor alijua. Akamshika. Alikaa saa nzima na jogoo kwapani, uso mwekundu kwa aibu, huku mwuza maziwa akipita na kupewa onyo lake palepale langoni. Jumamosi Nicanor hakwenda uwanjani. Alikuja mapema, akavua kofia akaitundika nje ya lango, na akamtafuta jogoo bila kuambiwa. Bibi alimwona akimkuna Cenizo shingoni alipodhani hakuna anayemtazama, akajifanya hajaona.

Jumapili Yocasta alifika baada ya misa. Gari la kuazima lilikuwa na maboksi matupu nyuma. Alimbusu mama yake, akautazama mguu, akaenda moja kwa moja mpaka bandani na viatu vyake vya kutokea, akafungua mlango. Doña Eduvigis alimfuata bila haraka.

Cenizo alinyanyua kichwa. Huyu alikuwa mgeni. Alisogea hatua mbili, na Yocasta, aliyezaliwa nyumbani hapo na kulelewa kati ya kuku, akarudi nyuma.

Bawa la kushoto likaanza kushuka.

Mama hakupaza sauti. Alipita kati yao kama mtu anayepita sebuleni kwake, akamwendea jogoo kwa mwendo uleule wa kila siku, hatua, hatua. Bawa likasimama nusu. Likarudi juu. Cenizo akageuka, akaanza kudonoa majani kana kwamba amekumbuka shughuli nyingine, na bibi alipoinama jogoo hakukimbia. Akampandisha kwapani.

Yocasta akaegemea mlango wa banda. "Ungemchinja tu, mama," akasema. "Ungeniambia amekufa kwa ugonjwa. Ningejuaje?"

"Usingejua. Ningemchinja Jumatatu ileile, kisu kilikuwa mezani."

"Sasa ile habari ya nguchiro uliyowaambia watu—"

"Achana na nguchiro. Majogoo wanauzwa kila mahali. Nilitaka unione." Akampandisha jogoo vizuri zaidi kwapani. "Tangu baba yako afe unaniangalia kama kikombe kilichopata ufa. Nilitaka uje, usimame hapo ulipo, unione nikiwa mzima."

Yocasta akalia, kilio kile cha mtu mzima kisicho na sauti. Mama yake alimwacha alie, maana mkono mmoja ulikuwa na jogoo na mwingine umeshika miguu yake.

"Jumapili ijayo nakuja tena," Yocasta akasema mwishowe, akijifuta pua.

"Kunichukua?"

"Kula."

"Basi njoo na mchele," akasema Doña Eduvigis, akimtazama Cenizo pale kwapani. "Hapa utakuta nyama tu."