Kinanda Kwenye Saa ya Sala

Jamani, nyie acheni tu! Ngoja niwahadithie.

Mnaujua wimbo wangu, ule niliotunga chuoni kule mjini Apia, "Bwana, Niwashie Mwezi". Shemasi Vaasili alishasema atausikiliza Jumapili mara moja tu. Asipoupenda, kinanda kinafungiwa stoo, na mambo ya vijana kanisani basi. Kwa hiyo leo jioni mimi na binamu yangu Penitoa tukajifungia ukumbini, spika juu, tunarudia, tunarudia, mpaka nikahisi naelea. Mwili haupo, imebaki sauti tu.

"Fuatino, kiitikio unakivuta kama unavuta mtumbwi!"

"Wewe piga kinanda, domo weka nyumbani."

Tulipozima nikafungua mlango. Mbingu rangi ya papai. Barabarani hakuna mtu, ila vijana wa zamu, wale wanaolinda saa ya sala, wamesimama na fimbo zao. Lo, kombe la baharini la kuita sala lilishapulizwa! Saa ya sala, kijiji kizima kimekaa ndani kinaomba, na sisi tumekipigia ngoma kichwani.

"Leo nguruwe wenu ameliwa, ndiyo faini," kijana mmoja wa zamu akaninong'oneza, anachekea puani.

Ndipo nikausikia wimbo wangu. Nikageuka: kinanda kimezimwa. Unatoka nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, nyumba zetu hizi zisizo na kuta, taa zinawaka, watu wako mikekani. Kina mama sauti ya juu, wanaume ya chini kabisa, kama bahari nayo imeamua kuitikia. Nikajua naota. Penitoa akanifinya.

"Aaa! Unaniumiza, mjinga wewe!"

Basi siyo ndoto.

Kombe likalia mara ya pili, sala imekwisha. Shemasi huyo, anakuja taratibu, pepeo lake mkononi, anajipepea.

"Mmetuzidi kelele," akasema. "Hakuna nyumba iliyoweza kuanza wimbo wake. Mke wangu akasema tuuimbe wimbo wa hao hao, wiki nzima wanatuimbia, nani asiyeujua?"

"Tusamehe, mzee."

"Nguruwe mtatoa. Mkubwa." Akatazama bahari. "Na kesho kanisani, ubeti wa pili polepole. Mke wangu pumzi hana."

Nguruwe tutamkamata alfajiri. Sasa hivi nimelala chali mkekani, mwezi unapanda, nauimba ubeti wa pili. Polepole.