Kufuli Juu ya Kufuli

Msumeno ulikwama tena, nikauchomoa polepole. Mzee Bibhuti alilishika kufuli kwa kitambaa.

"Kata haraka, bwana. Tapan anarudi na treni ya jioni."

"Nikiharakisha utavunjika. Na huna mwingine."

Tapan ni fundi cherehani, amepanga chumba hiki cha chini tangu ujana wake. Mzee alikuwa amefungua kesi ili akirudishe, na haki ya kuomba alikuwa nayo: mkewe Aparna amepooza upande mmoja, ngazi haziwezi tena. Kesi ilikwenda vizuri, ila taratibu. Basi Tapan alipokwenda harusini kwa wakwe zake, mzee akafanya wanavyofanya wenye nyumba wengi hapa Kolkata wakichoka kusubiri. Akatia kufuli lake juu ya kufuli la mpangaji. Kisha, asije akalegea, akautupa ufunguo mtoni alipokwenda kuoga.

Leo mchana alikuja kunisimulia huku akicheka. Mimi pia napangisha vyumba, na sheria nimejisomea mwenyewe kwa kuogopa makosa.

"Kwani mlango si wangu?" aliniuliza.

"Wako. Lakini umefunga bila amri ya hakimu. Tapan akilalamika mahakama itamrudisha chumbani, na wewe ndiye utaonekana mkorofi. Shida ya shemeji nani ataisikiliza tena?"

Hapo ndipo alipoacha kucheka.

"Mnachonga nini huko chini?" Aparna aliita kutoka juu. "Jeneza langu?"

"Tunatengeneza mlango, mama," mzee alisema.

"Ule ulioufunga mwenyewe?"

Nilikuwa nimefika nusu ya chuma msumeno ulipovunjika, na kabla sijainuka, Tapan akaingia uani na mkewe Malati, mizigo mabegani. Akatazama kufuli, akatutazama sisi.

"Mzee, mnaniibia?"

"Tunakufungulia."

"Na aliyefunga?"

"Mimi," mzee alisema, macho chini.

Tapan akatoa simu, akayapiga picha makufuli yote mawili.

"Sasa tutalala wapi?" Malati aliuliza.

"Njoo huku juu, binti," Aparna aliita. "Waache hao na chuma chao."

Malati akapanda na mizigo. Tapan alibaki akipapasa pale tulipofikia.

"Mlikuwa mnakata kombo," alisema. "Maduka yamefungwa. Kesho nitaleta msumeno mimi." Naye akapanda.

Mzee akanishika mkono. "Ile picha. Ataipeleka kwa wakili wake?"

"Sijui."

"Lakini wewe unaonaje?"

Juu, Aparna alikuwa akiomba ainuliwe, na nikasikia Malati akimwita mumewe amsaidie kumbeba. Mzee alisikiliza nyayo zao zikivuka dari nzima, hakuuachia mkono wangu. Niliokota vipande vya msumeno kwa mkono mmoja, nikaviviringisha kwenye kitambaa. Kufuli lilibaki mlangoni, limekatwa nusu.