Barafu ya Nyar Seme

Sifa ya mama yake Debra ilikuwa moja tu, na ufuo mzima wa Luanda Kotieno uliijua: alikataa. Kule ziwani, mwenye mtumbwi anayemuuzia mwanamke samaki kisha akadai na mwili wake juu ya bei huitwa jaboya, na mwanamke asiye na jaboya hupewa samaki wa mwisho, waliochomwa na jua, au hapewi kabisa. Apiyo alipofiwa na mume, Odongo, mwenye mitumbwi mingi kuliko wote, alimfuata akamwambia aingie kwenye mpango kama wenzake. Apiyo akamjibu mbele ya watu kwamba yeye hununua samaki kwa pesa, na kama pesa haitoshi atarudi nyumbani. Tangu siku hiyo Odongo hakumuuzia hata omena, wale dagaa wadogo wa ziwani.

Akaanza kusafiri hadi Kisumu kununua mgongo wazi, yale mabaki ya samaki mbuta, kichwa, mifupa na mkia, yanayobaki viwanda vikishachukua minofu. Aliyakaanga kwa mafuta mengi na kuyauza karibu na kituo cha feri, na watoto wake walisoma kwa mifupa hiyo. Wanawake wenzake, ambao wengi hawakupata nafasi ya kukataa, walimwita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa sababu alizaliwa Kombewa, katika nchi ya Seme. Jina hilo walilitamka kwa heshima na kijicho, vyote pamoja. Hakuwa na ng'ombe wala nyumba ya maana, lakini kanisani alikaa mbele, na akipita ufuoni wanaume wa mitumbwi walimsalimu kwanza.

Debra aliyajua haya yote vizuri, tangu utotoni. Lisemwe mapema, asije mtu akamtetea baadaye kwamba hakujua.

Debra alikuwa ameajiriwa na shirika dogo lenye ofisi Milimani, Kisumu, chini ya miti mikubwa, mahali ambapo hata walinzi huongea polepole. Shirika lilitaka kujenga ghala la barafu Luanda Kotieno, ili mwanamke anunue samaki siku wanapojaa na kuwahifadhi, asilazimike kumbembeleza mwenye mtumbwi kila asubuhi. Wazo lilikuwa zuri. Pesa ndiyo iliyokosekana, na wafadhili kutoka Nairobi walikuwa wanakuja kusikiliza maombi ya mashirika kadhaa. Waithira, mkurugenzi wake, alimwambia Debra bila kuzunguka kwamba yeye ndiye atakayesimama mbele yao. Akiwashika, atakuwa meneja wa mradi. Akiwakosa, mkataba wake hautaandikwa upya.

Na Debra aliitaka kazi ile. Aliitaka jinsi mtu aliyekwenda shule akinuka mafuta ya mgongo wazi anavyotaka kiti cha kuzunguka na mlango wenye jina lake.

Waithira alikuwa fundi wa prezentesheni, tusimnyime haki yake. Debra alimletea slaidi zilizojaa takwimu, tani za samaki wanaooza na michoro ya rangi, naye akazifuta karibu zote huku akinywa chai. Alisema wafadhili watakuwa wamesikiliza watu tangu asubuhi, wameshiba, wanasinzia. Hawatakumbuka tani hata moja.

"Uso mmoja, kidonda kimoja, ombi moja," alisema. "Hizo zingine weka kwa ripoti."

Debra akaleta uso wa mama yake. Picha ya kwanza ilimwonyesha Apiyo kando ya karai lake, mikono kiunoni, anacheka meno yote nje. Waithira aliikataa kwa sababu ya kicheko. Walipekua simu ya Debra mpaka wakapata nyingine, Apiyo ameinamisha kichwa, macho chini, uso umekunjana. Alikuwa anachambua mchele siku moja walipotembelewa na wageni nyumbani, lakini ukiikata picha vizuri ungo hauonekani, na kinachobaki ni mwanamke mwenye huzuni kubwa. Wakaikata vizuri.

Kisha Debra akafanya mazoezi. Akasimulia kisa chenyewe jinsi kilivyokuwa: Odongo, jibu la mbele ya watu, mgongo wazi, shule. Alikisimulia kwa fahari, maana alikuwa amelelewa nacho. Waithira alisikiliza hadi mwisho, kalamu mdomoni.

"Ni story poa sana," alisema. "Lakini huyo mama ameshashinda. Sasa mimi donor nitampea barafu ya nini?"

Debra akasema mama yake aliteseka. Waithira akakubali, mateso yapo, ila kidonda hakipo. Mtu aliyekataa anaondoka ukumbini mzima mzima, na mtu mzima hafadhiliwi. Debra alitazama picha ya mama yake ukutani, kubwa, imejaa mwanga wa projekta. Hakuna aliyemlazimisha kufungua mdomo.

"Na kama alikubali?" aliuliza.

Waithira alitoa kalamu mdomoni. "Alikubali?"

"Tuseme alikubali."

Waithira hakuuliza kama ni kweli. Alimwambia tu aanze tena kutoka mwanzo.

Basi wakaipiga msasa. Sentensi ikawa fupi: ili mimi nisome, mama yangu alilala na mwenye mtumbwi. Waithira alimfundisha kunyamaza kidogo kabla ya neno "alilala", kushusha sauti, kuchagua mtu mmoja ukumbini na kumwangalia yeye peke yake. Siku ya kwanza Debra alipoitamka, sauti ilimtetemeka kwa aibu. Waithira akasema mtetemo ule asiupoteze. Hakuupoteza, baada ya mazoezi mengi ulikuwa unakuja wenyewe, palepale panapotakiwa, hata akiwa anawaza chakula cha mchana.

Mkutano wenyewe ulifanyika katika hoteli inayotazama ziwa. Zamu ya Debra ilipofika, alipanda jukwaani, akashika rimoti, akainua macho, na pale mstari wa mbele akamwona mama yake.

Waithira alikuwa ametuma gari la ofisi Luanda Kotieno bila kumwambia mtu. Wafadhili hupenda kumwona mtu mwenyewe, na alitaka iwe sapraizi. Apiyo alikaa wima na kitambaa chake cheupe cha kanisani, mkoba mapajani, anamtazama bintiye kama watu wengine hawapo. Kando yake alikaa Odongo, mwenye suti, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa ufuo na alikuwa amealikwa kwa niaba ya jamii. Kiingereza cha Odongo kilikuwa kizuri. Kiingereza cha Apiyo kiliishia kwenye maneno machache ya kuuzia abiria wa feri: fish, fresh, thank you; Kiswahili chake nacho hakikuzidi bei ya samaki.

Debra alikuwa na nafasi. Kile kisa cha kweli alikijua kwa moyo, hakikuhitaji slaidi wala mazoezi. Alitazama nyuma ya ukumbi, Waithira akamwinulia kidole gumba. Akabonyeza rimoti, na uso wa mama yake ukajaa ukutani.

Apiyo alipojiona alicheka kidogo na kujifunika mdomo kwa mkono.

Debra akazungumza kwa Kiingereza, na alizungumza vizuri, hilo hakuna wa kulipinga. Alinyamaza mahali pa kunyamaza. Alimchagua mzee mmoja wa wafadhili, Shitanda, mtu mpole kutoka Nairobi, akamwangalia yeye peke yake, na lilipofika neno lile sauti ikatetemeka. Ukumbi ulikuwa kimya hata vijiko vya chai vikaacha kugonga vikombe. Apiyo naye aliitikia kwa kichwa, kwa fahari, kila alipomwona bintiye akinyoosha mkono.

Alipomaliza, Shitanda aliomba kumsikia mama mwenyewe. Alisema hataki kumuumiza, ila anataka kujua mtu hupata wapi nguvu ya kubeba jambo kama hilo. Akamwomba Debra atafsiri.

Debra aliinama karibu na mama yake, akamwambia kwa Dholuo kwamba wageni wanauliza aliwezaje kusomesha watoto peke yake.

Apiyo alisimama, akashika mkoba kwa mikono miwili. "Waambie nimewasomesha kwa mgongo wazi," alisema kwa Dholuo. "Sikumwinamia mtu yeyote. Na Mungu akinirudisha mwanzo, nitafanya vilevile."

"Anasema aliinama kwa ajili ya watoto wake," Debra akatafsiri. "Na Mungu akimrudisha mwanzo, atafanya vilevile."

Mwanamke mmoja wa wafadhili alitoa kitambaa akafuta macho. Shitanda, mtu mwangalifu, akamgeukia mwenyekiti wa ufuo, akamuuliza kama mambo haya ndivyo yalivyo kule. Odongo alimtazama Apiyo kwa muda, mwanamke aliyemwaibisha mbele ya watu wake na ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba kitu. Zawadi kama hii mtu haletewi mara mbili.

"Ni kweli," alisema kwa Kiingereza safi. "Ufuo mzima tunajua. Tunamheshimu hata hivyo."

Apiyo aliona jinsi wageni walivyomtazama yeye kwa upole wakati Odongo akisema, akadhani amesifiwa. Akamwinamishia Odongo kichwa kidogo, kumshukuru. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwinamia.

Pesa zilitoka, na Debra akapata mlango wenye jina lake. Odongo alifika ufuoni kabla projekta haijapoa, na hakuwa na haja ya kuongeza chumvi: binti mwenyewe amesema, tena kwa kipaza sauti, mbele ya watu wa Nairobi. Kuna waliocheka. Afadhali hao. Nelima, jirani wa miaka mingi aliyekuwa na jaboya wake kwa sababu ya njaa, alikuja kukaa na Apiyo kando ya karai, akamshika mkono kwa huruma ya kweli kabisa.

"Sasa karibu kwetu, dada," alimwambia. "Ungesema tu mapema. Tungekuelewa."

Kanisani hakuna aliyemfukuza, ila kiti cha mbele alikikuta kina mtu. Apiyo alimpigia bintiye simu, akamuuliza kama kweli alisema maneno yale. Debra akaanza na wivu wa watu wa ufuoni, akaja kwa barafu na faida yake kwa wanawake wote, na mama yake hakumkatiza hata mara moja. Aliuliza tena swali lilelile.

"Mama, ile ni prezentesheni," Debra akasema. "Si korti."

Apiyo akaomba jambo moja: siku ya kufungua ghala apewe kipaza sauti, aseme mwenyewe. Debra akakubali upesi, kama mtu anayekubali lolote ili simu ikatwe.

Ghala lilipokwisha lilipakwa rangi ya samawati, na ukutani, kwa pendekezo la Shitanda, likaandikwa Barafu ya Nyar Seme. Siku ya kulifungua kulikuwa na mahema, viti vya plastiki na soda. Shitanda alimvuta Debra kando akamwambia bodi ilikuwa imependa sana kile kisa, na kwamba wanafikiria maghala mengine, ufuo baada ya ufuo, yote chini yake. Debra alikuwa bado anatabasamu mama yake alipoitwa mbele.

Apiyo alikuja na kitambaa chake cheupe. Alizungumza kwa Dholuo, taratibu, na kila mtu wa ufuo alimsikia, waliokuwa kwenye viti na waliokuwa kwenye mitumbwi.

"Waambie wageni nilikataa," alisema. "Odongo yule pale, mwulizeni. Nilikataa nikauza mifupa. Binti yangu alisema uongo, nami sitaki jina langu kwenye huo ukuta mpaka wausikie ukweli. Nyara, mwanangu, waambie."

Akampa Debra kipaza sauti. Shitanda alikuwa anangoja, uso wake umejaa wema. Odongo alikuwa anangoja pia. Ufuo mzima ulikuwa unamtazama Debra, na waliokuwa na moyo mwepesi walikuwa tayari kumwamini mama yake, kama binti angeyarudia maneno yake kwa Kiingereza mara moja tu. Sentensi ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kufanyia mazoezi.

"Mama anasema thank you," Debra alisema, na sauti ikamtetemeka palepale panapotakiwa. "Thank you so much."

Wageni wakapiga makofi, wengine wakasimama. Odongo akapiga makofi. Waliojua lugha zote mbili walitazama chini, na kila mmoja alielewa kwa namna moja: kama binti wa tumbo lake hakuweza kulirudia lile neno, basi halikuwa na ukweli.

Apiyo hakuhitaji mkalimani. Maneno yale alikuwa amewaambia abiria wa feri maisha yake yote, akiwarudishia chenji. Alimtazama bintiye mpaka makofi yakaisha.

"Thank you, madam," alimwambia.

Kisha akachukua mkoba wake, akashuka kuelekea kwenye karai lake karibu na kituo cha feri. Njiani alipita mbele ya wanaume wa mitumbwi, na hakuna aliyemsalimu.