Anwani ya Mke Wangu

Mke wangu alikufa, kisha wakubwa wakamfuta kazi. Mkurugenzi aliamuru kila kilichoandikishwa kwa jina la marehemu kiondolewe kwenye mitambo. Kesho yake mashine ya kuitia watu foleni ikaamka bubu.

Sauti ya mashine ile ni yake. Alikuwa karani wa dirisha la tatu, wakamrekodi: "Anayefuata, dirisha la tatu. Msisukumane." La kusukumana aliliongeza mwenyewe. Mimi hufagia ukumbi wa foleni hiyo. Tangu tumzike, nafagia taratibu.

"Imekufa," mkurugenzi akasema. "Itupwe, inakuja mpya."

Wao kila wasichokielewa kimekufa. Nikamfuata fundi wa mitandao, mama mmoja asiyeishiwa maneno.

"Haijafa, mzee wangu. Hizi kila zikiwashwa huamka hazijijui. Inapiga kelele mtandao mzima: jamani, mimi nakaa wapi? Seva, ile mashine kuu ya ofisi, inatazama namba ya kiwandani iliyo tumboni mwake, inaijibu: anwani yako hii hapa. Ikishaipata ndiyo inasema."

"Na sasa?"

"Sasa inauliza, seva kimya. Iliandikishwa kwa jina la marehemu. Imefutwa."

"Inaita, haijibiwi. Kama sisi na wakubwa."

"Usinichekeshe, nimeshika waya."

"Irudishe."

"Inataka jina la mtu aliye hai."

"Niandike mimi."

"Wewe mfagizi!"

"Amri imetaja marehemu. Wafagizi haikuwataja."

Akacheka, akaanza kubonyeza. "Haya, anwani…" akajisemea.

"Nyuma ya kisima, mlango wa bluu," nikamjibu.

"Si yako, mzee! Ya mashine."

"Ndiyo hiyo. Amekaa pale tangu nimuoe."

Vidole vikasimama. "Huku ni namba tu," akasema polepole. "Nitampa ile ile ya zamani."

Nitampa, si nitaipa. Sikumsahihisha.

Akaizima mashine, akaiwasha. Tukangoja.

"Anayefuata, dirisha la tatu. Msisukumane."

Watu wakaacha kusukumana. Nikainama kutafuta taka palipokuwa safi.

Mkurugenzi akachungulia. "Kumbe inasema? Basi iacheni. Mpya iwekwe ofisini kwangu." Huko hakuna foleni, maana haonani na mtu.

Sasa yuko kwa jina langu. Wakitaka anyamaze, wangoje nife kwanza. Nami sina haraka, nafagia taratibu.