Midomo ya Makinda

"Shuka, jirani, au nakumwagia ndoo hii hapo hapo ulipo!"

Fundi Mwiko hakushuka. Alikuwa juu ya ngazi, uso kwa uso na ukuta wa nje wa kanisa, na saruji ya ndege aliyekuwa akimfinyanga ukutani ilishaanza kuganda. Miaka thelathini amepiga lipu kuta za watu, tupu kama viganja. Hii ndiyo sanamu yake ya kwanza. Chini, Mama Pacha amekumbatia ndoo iliyojaa maji.

"Tumeishi ukuta kwa ukuta, baba. Leo unaniwekea ndege anayekula wanawe, mbele ya dirisha langu?"

"Hawali! Padri kanionyesha kitabuni. Huyu ni mwari, yule ndege wa majini. Anajitoboa kifua, anawanywesha wanawe damu yake wasife. Ni mfano wa Bwana."

"Mfano gani huo, mpaka mtu asomewe kitabu?"

Watu walishajaa, mtaa ule hata paka wakigombana hawakosi mashahidi. "Mwaga tuone!" mmoja akapayuka. Hakuna aliyecheka. Bado walimwita Mama Pacha, ingawa tangu masika pacha mmoja hayupo.

"Tazama mwenyewe," akasema, sauti imeshuka. "Makinda wamefunga midomo. Anayelishwa hafungi mdomo. Wangu alipoufunga, nilimbembeleza kwa kijiko mpaka kukakucha."

Mwiko akageukia ukuta. Kweli. Makinda watatu, midomo imebanwa, na mama yao kawainamia kama anayedonoa. Siku mbili nzima alihangaika na manyoya, midomo aliisahau.

Akabonyeza kwa kidole. Saruji ilikubali kwa shida. Akachomoa msumari mfukoni, akachimba mdomo wa kwanza, chembe zikimwingia machoni. Wa pili ukamegeka pembeni.

"Panua," Mama Pacha akaamuru. "Zaidi! Mwenye njaa hana adabu."

Kinda wa tatu alishakauka. Msumari ukapinda. Fundi akajaribu kwa ncha ya mwiko wake wa lipu, taratibu, kisha akaacha.

"Huyu hapana, mama. Nikilazimisha, kichwa kinaondoka."

Mama Pacha alimtazama yule kinda kwa muda mrefu. Akatua ndoo.

"Mwache. Naye ni wake."

Watu wakaanza kutawanyika. Mlango wa Mama Pacha ulikuwa wazi. Ndani, mtoto ameketi mkekani, mikono mapajani, sahani haijaguswa.

"Shuka, baba, uingie tule. Huyu aliyebaki hajazoea kula peke yake."