Alikitaja Mara Tatu

Violeth Buberwa alikuwa ametia sahihi yake kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukafika hadi ukingoni mwa karatasi. Baadaye alijuta kwa nini hakuisoma karatasi yenyewe mara mbili.

Karatasi ilisema hivi: wanachuo wanaruhusiwa kutumia ukumbi siku ya Jumamosi, saa nne hadi saa tano asubuhi, kwa saa ya mshikamano na watu wa Gaza. Bendera hapana. Maandamano hapana. Mgeni rasmi atasoma hotuba iliyoambatanishwa, kurasa mbili, wala hataongeza neno. Likiongezwa neno, shughuli inafungwa palepale na aliyetia sahihi anakwenda mbele ya kamati ya nidhamu. Mtihani wa mwisho wa stashahada ya ualimu ulikuwa umebakiza wiki tatu, na mwanachuo aliyesimamishwa hafanyi mtihani. Hilo la mwisho halikuandikwa. Mwalimu Lwakatare, makamu mkuu wa chuo, alilisema kwa mdomo wake mwenyewe, taratibu, huku akimkabidhi kalamu.

Alikuwa amewakatalia mara tatu. Mara ya nne Violeth alimwambia kwamba mgeni rasmi angekuwa babu yake, Mzee Aroni Rutaihwa wa Nshamba, mpiganaji wa vita vya Kagera, mtu mwenye medali na vidole vitatu tu mkono wa kushoto. Kwa Bukoba hiyo ni hoja nzito. Nani atamfungia mlango mzee aliyepigana na Amin? Lwakatare alikohoa, akasema lete hotuba niione.

Basi Violeth akaketi na rafiki yake Yasmin, katibu wa kikundi chao, wakaiandika hotuba kwa jioni moja. Ilitoka tamu. Mzee wa Kagera aliyefukuzwa kwake mwaka sabini na nane anawasemea wenzake waliofukuzwa kwao mbali huko. Yasmin aliisoma mpaka machozi yakamlenga. Kosa lao lilikuwa kosa la watu waliosoma: waliandika kwanza ili waulize baadaye. Na tuseme ukweli, hawakuuliza kabisa.

Ijumaa Violeth alikwenda kulala Nshamba, na Jumamosi alfajiri wakaondoka na gari la jirani yao Haruni, mzee akiwa mbele ndani ya koti lake la kahawia, anatafuna kahawa kavu na kutema maganda dirishani. Violeth alimpa zile kurasa mbili. Mzee akasema atazisoma gari likisimama, maana likienda herufi zinamrukaruka.

Gari lilisimama Kemondo. Haruni alishuka kutafuta samaki. Mzee akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akaurudia, kisha akauliza bila kugeuka.

"Kaisiki, mjukuu wangu, hawa Wapalestina ni walewale?"

"Walewale wapi, Babu?"

"Wa Amin."

Violeth alidhani mzee amechanganya mambo, akaanza kumweleza kuhusu Gaza, mabomu, watoto. Mzee alimwacha amalize.

"Hayo nayasikia redioni kila siku," alisema. "Mimi nakuuliza ya Lukaya. Machi, sabini na tisa. Amin aliletewa Walibya, na humo ndani walikuwemo Wapalestina. Si wengi. Lakini mmoja wao ndiye aliyemuua Buberwa. Baba yako jina lake ulidhani limetoka wapi?"

Jina hilo Violeth alikuwa ameliandika maelfu ya mara, kwenye madaftari, kwenye fomu, na juzi kwenye ile karatasi, kwa mkia mrefu. Aliambiwa utotoni kwamba Buberwa alikuwa rafiki wa Babu aliyekufa vitani. Nani alimuua, hakuna aliyewahi kumwambia, wala yeye hakuwahi kuuliza. Vita ni vita, alijua ni Amin.

Alishuka garini akasimama karibu na wauza samaki, akampigia Yasmin.

"Asome karatasi tu," Yasmin alisema. "Dakika kumi. Akimaliza tunapiga makofi, tunamshusha. Violeth, akilisema hilo mbele ya kina Datius tumekwisha."

Datius alikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi, na kikundi chake kiliomba kila Alhamisi kwa ajili ya Israeli. Hakuwa mtu mbaya, ndilo lililokuwa likiudhi. Alikuwa na hoja: vijana wetu wa Kitanzania waliokwenda kule kusomea kilimo waliuawa ile Oktoba vita vilipoanza, mbona hao hamkuwaombea ukumbi? Violeth alikuwa amemjibu kwa ukali siku ile, na usiku akalala akijua kwamba hakumjibu.

Alirudi garini. "Babu, nakuomba. Usome kilichoandikwa, basi. Ukiongeza neno moja nafukuzwa. Sitafanya mtihani."

Mzee alimtazama kupitia kioo cha gari. "Yaani karatasi hii ndiyo mtihani wako."

"Ndiyo, Babu."

"Basi nitasoma," alisema, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Kutoka Kemondo hadi chuoni Violeth alihesabu kila kilima.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu Lwakatare alikaa mstari wa mbele na nakala yake ya hotuba magotini, kalamu nyekundu mkononi, kama anasahihisha insha. Nyuma kabisa walisimama Datius na wenzake, wamekunja mikono. Mshereheshaji alikuwa Violeth mwenyewe. Alikaa na Yasmin kwenye meza ndogo ya vipaza sauti, swichi iko karibu na kiwiko chake.

Mzee alipanda, akaamkiwa na ukumbi mzima, akaitikia marahaba, akaanza kusoma. Alisoma vizuri. Alikuwa na sauti ya kanisani, ya mtu aliyezoea masomo ya Jumapili, na ukurasa wa kwanza ulipita wote huku kalamu ya Lwakatare ikifuata mstari kwa mstari. Violeth alianza kupumua. Ukurasa wa pili ukafunguliwa.

"'Mimi nami,'" mzee alisoma, "'nilifukuzwa nyumbani kwangu. Ninajua uchungu wa kuacha migomba yangu na kukimbia na...'"

Akavua miwani.

"Hii si kweli," alisema.

Kalamu ya Lwakatare ilisimama.

"Waliofukuzwa ni watu wa Kyaka na kule ng'ambo ya mto. Mimi ni wa Nshamba. Vita havikufika Nshamba. Mimi nilikuwa mgambo, nikachukuliwa jeshini, nikavuka mpaka nikapigana, nikarudi nikaikuta migomba ya baba yangu palepale. Mjukuu wangu ameandika vizuri, lakini ameniandika mtu mwingine." Aliishusha karatasi. "Na Wapalestina nimewaona. Niliwaona Lukaya, upande wa Amin. Walitupiga risasi."

Nyuma kukapigwa mluzi. Mtu akapiga makofi, mwingine akadakia, na Datius hakupiga makofi ila tabasamu lake lilitosha. Lwakatare aligeuka, akamtazama Violeth, akapitisha kidole shingoni mwake mara moja: zima.

Hapo ndipo mtu angetegemea Violeth akatae. Hakukataa. Alitaka kuzima kuliko hata Lwakatare. Kwa swichi ile moja angeokoa mtihani, angeokoa shughuli, na angemnyamazisha mzee aliyekuwa anawaaibisha mbele ya watu mia mbili. Aliibonyeza.

Sauti ilikatika. Mzee alikigonga kipaza sauti kwa kidole, kikabaki kimya. Kisha akamtazama mjukuu wake. Hakukasirika. Alimtazama kama alivyomtazama zamani, alipovunja chungu cha bibi yake akasema ni paka.

Akashuka jukwaani. Akaja akasimama katikati ya viti, akasema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba yuko uani kwake, "Nilikuwa nasema, Buberwa alikufa."

"Hatusikii huku!" Datius alipaza sauti. Mzee akarudia, lakini alikuwa na miaka sitini na minane na sauti ya ukumbini alikuwa ameshaitumia yote kwa maneno ya watu wengine. Watu wakaanza kusogeza viti.

Violeth aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Jina lile lilikuwa lake. Lilikuwa limesimama pale katikati ya ukumbi linaomba kusikika, na yeye, mwenye nalo, ndiye aliyelizima. Hakujua babu yake anaelekea wapi. Alijua kwamba akifika popote patakuwa pabaya kwake. Aliinuka, akachomoa kipaza sauti, akawasha swichi, akaenda akakishika mbele ya mdomo wa babu yake.

"Violeth!" alisema Lwakatare.

"Nimekusikia, Mwalimu." Hakuushusha mkono.

"Alikufa asubuhi," mzee aliendelea, na sasa alisikika hadi nje. "Mchana tukamkamata mmoja wa waliotupiga, amejeruhiwa tumboni, amejilaza kwenye mafunjo. Nikaambiwa nimlinde. Alikuwepo askari wa Unguja aliyejua Kiarabu, akasema huyu si Mlibya, ni Mpalestina. Kijana kama ninyi. Nikakaa naye. Sasa mimi Mhaya, nikikaa na mtu nitamwuliza nini? Nikamwuliza, kwenu wapi? Maana ukishajua kibanja cha kwao, shamba la wazee wake, unajua namna ya kuzungumza naye, hata kama ni adui."

Hakuna aliyekuwa akipiga mluzi tena.

"Akataja kijiji. Nikasema, umetoka huko lini? Akasema, sijawahi kufika. Nikamwambia Mzanzibari, umekosea, uliza tena. Akauliza tena. Akataja kijiji kilekile. Akasema baba yake ndiye aliyefukuzwa, yeye alizaliwa kambini. Halafu akaanza kunieleza, waitu! Kisima kiko upande gani. Mlango wao unatazama wapi. Mizeituni mingapi. Anaihesabu kwa vidole, miti ambayo hajawahi kuiona, na damu inamtoka. Nikacheka."

Violeth alikuwa amemshuhudia babu yake akizika watoto wawili, lakini uso huu hakuwahi kuuona.

"Nilicheka, bojo, wanangu. Nikawaita wenzangu, njooni mumsikie huyu, kwao ni mahali hajafika. Tukacheka wote. Akakitaja mara ya tatu, kwa hasira, kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Kisha akafa, nasi tukamfukia palepale. Mimi sikuja hapa kumsamehe. Buberwa ni Buberwa, na nikifa nitakuwa bado namdai yule kijana roho ya Buberwa. Lakini kicheko kile ni changu. Siku ile nilijua nikipona narudi Nshamba, migomba ipo, makaburi ya wazee yapo. Nilikuwa na kwetu, ndiyo maana niliweza kucheka. Mkiniuliza kuhusu Wapalestina, ninalo hilo tu. Mengine yote kwenye karatasi ni ya hawa watoto."

Akaikunja karatasi na kumrudishia Violeth. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Lwakatare alikuwa amesimama kitambo, nakala yake imemwangukia miguuni.

"Violeth Buberwa," alisema, na hakupaza sauti. "Jumatatu, saa mbili asubuhi, mbele ya kamati."

"Nitafika, Mwalimu."

Aliogopa, tusimpambe. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu bila kuangalia ni cha nani. Wiki tatu. Miaka miwili ya kusoma, na wiki tatu.

Datius alikuwa amefika mbele bila mtu kumwona akitembea. Mikono yake haikuwa imekunjwa tena.

"Babu," aliuliza, "hicho kijiji kiliitwaje?"

Mzee alifungua mdomo. Akapapasa mfuko wa koti, kana kwamba jina lingekuwa humo pamoja na kahawa.

"Alikitaja mara tatu," alisema. "Nilikuwa nacheka. Sikukishika."

Kisha Yasmin akatoka kwenye meza yake na simu mkononi. Alikuwa na orodha, alisema, ya vijiji vya kule vilivyobaki bila watu mwaka arobaini na nane. Ni mamia. Angeweza kuvisoma, labda Babu angekitambua kwa sikio.

"Soma," alisema mzee, akaketi, akainamisha kichwa ili asikie vizuri.

"Lubya," alisema Yasmin.

"Sicho."

"Tantura."

"Hapana. Endelea."

"Ijzim."

Mzee alitikisa kichwa. Watu walikuwa wamesogea wakamzunguka, kina Datius na kina Yasmin wamechanganyikana, wengine wamekaa sakafuni. Kila jina liliposomwa walimtazama mzee usoni, na kila alipokataa Yasmin alishuka mstari mmoja. Violeth alikuwa bado amekishika kipaza sauti. Aligundua kwamba anayarudia majina yale kimyakimya, asije naye akayaacha yapite.

Mwalimu Lwakatare alitazama saa yake. Alikwenda mlangoni, akatoa ufunguo wa ukumbi, akarudi akasimama nyuma ya mzee.

"Mzee wangu, saa yenu imekwisha. Imepita kwa dakika ishirini."

Mzee Rutaihwa hakuinua kichwa.

"Bado hatujafika kwao, Mwalimu," alisema.

Lwakatare alibaki amesimama, ufunguo mkononi. Yasmin akasoma jina lililofuata.