Miche Mitatu ya Kubaki

Orodha ya maabara ilikuwa na namba tatu tu: tisa, kumi na saba, thelathini na mbili. Hiyo ndiyo miche ya muhogo iliyokutwa na alama ya kinasaba ya kuhimili batobato, ugonjwa unaokunja majani na kuyatia manjano. Mingine thelathini na saba ing'olewe. Niliisoma ofisini Kasese, nikapanda gari la Bwera bila kuiamini.

Sababu ya kutoiamini naijua mimi. Mama Emérance alikimbia kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, akaja Bwera na vijiti vya muhogo wa marehemu mama yake, muhogo wa unga mweupe ambao huku hatuna. Batobato ikaumaliza, yakabaki mashina mawili. Kituo chetu cha utafiti kikauchavusha na muhogo mwingine unaohimili, tukapanda watoto wao arobaini shambani kwake, kila mmoja na namba yake. Kazi yangu ilikuwa kuchuma jani changa la kileleni kwa kila mche na kulitia kwenye bahasha yenye namba hiyo. Kazi ya kitoto kabisa.

Lakini siku ile nilikuwa nimeanzia Bugoye alfajiri, na kwake lilikuwa shamba langu la tano. Nikakuta vilele vyote vimechumwa. Kwao mgeni hapokelewi bila sombe, yaani kisamvu, na sombe tamu hutoka kwenye majani machanga. Kikapu cha majani hayo kilikuwa kando ya kinu, bado hajaanza kutwanga.

"Usihangaike, mutoto wangu," aliniambia. "Nilipanga muzuri, mustari kwa mustari. Na nyama ya nguruwe sitatia, najua weye ni Muislamu."

Ningeweza kurudi baada ya wiki mbili, vilele vikichipua. Sikuwa na nguvu hizo, Mungu anisamehe. Nilikaa kwenye kigoda, yeye akanipa jani mojamoja akitaja namba, nami nikaandika. Kisha nikala nikashiba.

Sasa nilimsomea orodha. Nilitegemea abishe, hata anitukane. Akachukua jembe. Akang'oa mche wa kwanza, wa pili, wa tatu, akiirusha pembeni. Wa nane ulikuwa umenyooka, wa kijani kibichi, hauna doa. Akaung'oa pia. Wa tisa, ule wa kubaki, majani yake yalikuwa yamejikunja, manjano tupu. Akautazama, akanitazama, akaupita. Akainua jembe juu ya wa kumi.

"Mama, wacha!" nilipiga kelele. "Hii orodha haiko ya kweli. Niliandika namba na sikujua majani inatoka wapi."

Akashusha jembe polepole. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwa kitunga majani haikukuwa mustari. Nilichanganya yote. Macho yako ilikuwa nyekundu, nikakuonea huruma, nikadanganya."

"Na leo ungeng'oa yote? Muhogo wa mama yako?"

"Ulikuja na karatasi ya serikali. Nikisema, watakufukuza kazi. Weye iko na batoto."

Nilimkasirikia, jamani. Nilimkasirikia kwa wema wake, na mimi mwenyewe nilijichukia zaidi. Nikatoa simu palepale, nikampigia mkubwa wangu, nikamwambia yote. Hakufoka. Alisema mradi unafungwa mwezi huu na hakuna kipimo cha pili. Tuiache miche shambani, batobato yenyewe ituonyeshe upi unahimili, kama walivyofanya wakulima tangu zamani.

Nikamweleza Mama Emérance.

"Itakamata muda gani?"

"Misimu mitatu. Labda minne. Halafu ndio tuzidishe mbegu."

Akahesabu kwa vidole, akiwa ameegemea mpini. "Niko na miaka makumi saba na mbili," alisema. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anataka tu nijue.

Nilivua viatu, nikaokota ile miche minane aliyoing'oa, nikaanza kuikata vijiti vya kupanda. Yeye akatangulia kuchimba mashimo.